Keria ya Kilo Thelathini

Jumatatu, 1 Juni

Nimefua mara tatu. Nepi, mashuka, tena nepi. Haitham anaota meno. Halali, na mie silali. Miezi minane sasa.

Nassor kashinda chini ya gari ya marehemu baba yake. Gari ya spoti, kongwe kuliko sisi wote wawili, rangi ya maziwa, paa la turubai. Mbele viti viwili, nyuma kibao cha kukalia mtoto aliyekunja miguu. Skuli zikifungwa anataka atuzungushe kisiwa: Paje kwa shangazi yangu, kisha Nungwi, kisha nyumbani. Siku tano. Mie sijapata kwenda likizo tangu nizaliwe. Nikamuuliza mizigo itakaa wapi. Buti linameza tairi la akiba na kibegi kimoja, basi.

Kasema atatafuta njia. Nimefurahi. Sikumwonyesha.

Alhamisi, 4 Juni

Tumekwenda kwa fundi, mtaa wa Amani. Fundi Kheri. Kakataa kutoboa mfuniko wa buti. Kasema bati kama hili halipatikani tena, akilitoboa leo kesho linaliwa na kutu. Atatengeneza keria ya mabomba membamba, miguu minne, chini ya kila mguu kipande cha mpira wa tairi, na kulabu za kubana kingo za mfuniko. Nimempenda kwa hilo.

Halafu kanitazama mie, si Nassor.

"Bi mdogo, kilo thelathini. Zaidi ya hapo mfuniko unabonyea na bawaba zinakwenda. Huyu mumeo hatanisikia, ndio maana nakwambia wewe."

Nimesikia.

Jumamosi, 6 Juni

Keria imefungwa. Nzuri, utasema gari ilizaliwa nayo. Tumeijaribu mpaka Jang'ombe na kurudi, begi limefungwa kwa mipira. Penye tuta likateleza upande. Nassor kafunga upya, safari hii kwa kamba, zikatane juu. Halikutikisika tena.

Jambo moja hatukuliwaza. Mzigo ukiwa juu, buti halifunguki. Kwa hiyo nepi zisikae kwenye buti. Nepi zikae miguuni kwangu.

Shangazi Mize kapiga simu. Ndiye aliyenilea, mama kafa nna miaka mitano. Nimemweleza keria, kaicheka. Kasema gari imebeba kitanda mgongoni. Halafu akauliza upana wake. Nlikuwa namkosha mtoto, sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia mkono na nusu kwa mkono mmoja. Sikumuuliza ya nini.

Jumatano, 10 Juni

Nimeazima mizani dukani. Begi la nguo kilo kumi na mbili. Kigari cha mtoto tisa. Beseni la kumkoshea moja na nusu. Zawadi za Shangazi, mchele, sukari na doti ya khanga, kilo saba. Jumla ishirini na tisa na nusu. Nimeona raha kama mtu aliyefaulu mtihani.

Nassor kasema kigari tukiache, Paje mchanga mtupu. Nimekataa. Yeye hambebi Haitham siku nzima. Mgongo ni wangu.

Jumamosi, 13 Juni

Tumefika Paje. Mizigo tuliibeba kwa mikono kutoka nyumbani, vichochoro vyetu gari haiingii, na majirani wakasimama milangoni kututazama. Njiani watu wanapunga mikono. Salhiya, binti yetu mkubwa, kajibu wote mpaka akachoka. Tulipokaribia hoteli za pwani wageni wawili wakatupiga picha. Nlivaa miwani ya Nassor na mtandio umefungwa nyuma. Nikajiona mtu mwingine. Nikampenda yule mtu.

Shangazi kapokea zawadi kwa mikono miwili, kanusa khanga, kaifunga hapo hapo. Kapika pweza wa nazi. Haitham kalala mgongoni kwake alasiri nzima. Kigari kilizama mchangani hatua ya tatu, tukakirudisha juu ya keria.

Siku hizi ni bamvua. Maji yanatoka mbali, wanawake wote wako kwenye mwani, ndizo siku za kipato chao. Yeye hakwenda. Kasema ana kazi yake nyuma ya nyumba. Nikataka kumsaidia, kanirudisha. "Umechoka, mwanangu. Lala." Nikalala. Saa mbili nzima, mchana. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumatatu, 15 Juni

Naandika nikiwa Nungwi. 

Asubuhi tumeshafunga mizigo, tumeshaaga. Shangazi katoka nyuma ya nyumba na mapakacha mawili. Sijapata kuona mapakacha ya namna ile, marefu, ya chini, yamelala kama masanduku. Kayasuka kwa kipimo nlichompa kwenye simu. Yakiwekwa bega kwa bega yanaenea keria nzima. Ndani mhogo, ndizi mbichi, nazi. Nazi kazifua zote, kasema ili zisiwe nzito. Siku tatu za bamvua kazitumia kwa hayo.

Juu ya keria begi. Juu ya begi kigari na beseni.

Nassor kaanza kufungua kamba. Kasema kigari kibaki, tutakuja kukichukua. Nikamwambia wacha. Nikamwambia fundi kasema kilo thelathini. Akajibu taratibu kuwa zawadi zimeshashuka, kigari kikishuka nacho tunayo nafasi ya kilo kumi na sita. Kweli tupu. Hesabu ilikuwa yangu mwenyewe.

Majirani wamesimama. Mwanakombo, wa nyumba ya pili, akauliza, "Kwani hicho kigari kinaliwa?" Wakacheka. Hata Shangazi alicheka. Mie sikucheka.

Nikasema, "Shangazi, hatuendi nyumbani sisi. Tunakwenda hoteli. Mhogo huko nitaupeleka wapi?"

Nlisema kwa sauti. Wote walisikia.

Shangazi akayatazama mapakacha, akanitazama mie. "Haya, mwanangu. Safari njema." Akayaingiza ndani moja moja. Nassor alitaka kumpokea, akamwambia si mazito.

Jumanne, 16 Juni

Nungwi. Maji mazuri. Salhiya haondoki baharini. Kigari kimesimama ukumbini, hakijaguswa.

Niliandike liwepo. Haikuwa kilo. Nliona haya. Nliiona ile picha ya wale wageni kichwani, nikaona na mhogo juu yake. Nikataka tufike hotelini kama tulivyopita Paje, si kama watu waliotoka shamba. Na mie nimetoka shamba. Mhogo ule ule ndio ulionikuza.

Nimempigia Shangazi mara mbili. Hapokei. Labda yuko kwenye mwani.

Alhamisi, 18 Juni

Nyumbani. Nguo zote chafu, mchanga kila mahali. Mfuniko wa buti haukubonyea hata kidogo. Nassor kaupapasa kwa kiganja, karidhika.

Nimempigia Shangazi asubuhi, mchana na magharibi. Hapokei. Nikampigia Mwanakombo. Kasema mzima, hana neno. Nikamsihi aniambie kweli. Akaniambia. Siku ile ile tulipoondoka Shangazi alipita nyumba kwa nyumba akigawa mhogo. Kila aliyeuliza alijibiwa, "Nlilima mwingi mno." Hakunisema. Mapakacha kayatandika kwenye banda la kuku.

Bora angenisema.

Jumapili, 21 Juni

Nassor hanilaumu. Ananitazama tu, halafu anakwenda kumchukua mtoto bila kuombwa. Kwa mtu mwenye makosa hilo ni zito. Nimemgombeza bure kwa ajili ya kikombe.

Salhiya kauliza lini tunarudi kwa Bibi Mize. Nikamkatalia pipi, akalia, nikamshika mpaka akanyamaza. Sikumpa pipi. Lakini nlimshika muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Nimeamua. Jumamosi tunakwenda. Nikasema nitamwambia ana kwa ana. Anipige, anitukane, sawa.

Jumamosi, 27 Juni

Tumekwenda Paje na kurudi, siku moja.

Keria nimeiacha tupu makusudi. Begi la nepi miguuni. Kamba nikaziviringisha, nikaziweka tayari kwenye kiti.

Shangazi alikuwa hajarudi kutoka kwenye mwani. Tulimngoja barazani. Akaja na khanga imeroa mpaka kiunoni, akatuona, akasimama kidogo. Nikaamkia. "Marahaba. Karibuni wageni." Kaingia, kabadilisha nguo, katoka na jamvi jipya. Chai katutilia kwenye vile vikombe vya maua, vinavyokaa kabatini, vya wakwe na masheha. Mie katika nyumba ile nlikuwa nakunywea kopo.

Nikamwambia. Yote, na ya haya pia. Nlilia. Yeye hakulia. Kasema, "Hakuna baya. Vijana mna mambo mengi." Nikainuka niende jikoni kuosha vikombe. Akanizuia kwa mkono. "Kaa, Bi Asha. Utachafua nguo."

Hajapata kuniita Bi Asha. Hata siku ya harusi yangu.

Haitham kamchukua, kamchezesha, kamrudisha mikononi mwangu. Kauliza hali ya mama mkwe. Kauliza bei ya vitu mjini. Kila kitu kwa heshima. Mwishowe nikaona nimeshakaa muda anaopaswa mgeni kukaa.

Kwenye gari nlichelewesha. Nikamfunga Salhiya mkanda, nikaufungua, nikaufunga tena. Nikatazama nyuma ya nyumba, kule yalikotoka mapakacha. Shangazi alisimama pale pale barazani, mikono ameifumbata. Kasema, "Karibuni tena." Nikajibu asante, tumeshakaribia.

Tumerudi kwa njia ya msituni, paa wazi, upepo baridi kidogo. Watoto wamelala. Kamba nimezishika mapajani. Nyuma ya Jozani Nassor kasema leo gari inakwenda vizuri, nyepesi.

Nikasema ndiyo.