Kura ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Wameshaanza! Nimeingia ndani, hata viatu sijavua, simu inalia. Fundi Saa. Sauti nzito, utadhani anatangaza msiba. Shemeji, Jumapili ndiyo siku, usisahau kuja na kura ya marehemu.

Nitasahauje? Kila Jumapili ya pili ya Machi, wazee wapenda jazi hujifungia chumba cha nyuma cha duka lake la saa, wakamchagua mpiga gitaa bora kuliko wote duniani. Wapiga gitaa wenyewe hawana habari. Wengi wako kaburini zamani. Lakini hawa ndugu wanatoana jasho kwa ajili yao!

Katiba yao ni daftari la shule lenye jalada la kijani. Wanachama watano, asizidi mtu. Fundi Saa na Mfamasia ni wa Vidole Viwili — yule aliyeungua mkono, akabaki na vidole viwili vya kutembeza kwenye nyuzi. Mwalimu na Dereva ni wa Gumba, ambaye hupiga kwa dole gumba tu. Majina halisi ya wapiga gitaa hao yanawashinda ulimi, ndiyo maana wamewabatiza upya. Wa tano alikuwa mume wangu, mzee wangu. Vidole Viwili, kufa na kupona.

Akafa kweli. Mwaka jana alikuwa na wiki tatu tu ardhini waliponiita nikakae kwenye kiti chake. Wakaniuliza: Shemeji, marehemu anasemaje? Nikasema: Anasema Vidole Viwili. Wakalia wote. Dereva alilia kuliko wenzake, na kura hiyohiyo ndiyo iliyomwangusha Gumba wake.

Tangu siku ile hakuna aliyenibishia hodi. Wanakutana kila Jumapili kusikiliza santuri. Mimi huitwa Machi hadi Machi.

Jumanne, 4 Machi

Kazini, chumba cha mashuka, chini kabisa ya hospitali. Hakuna dirisha. Mashuka yaliyochanika yanateremshwa kwa kigari, mimi naweka viraka, yanapanda tena. Watu wote wa juu wamelalia mikono yangu na hakuna anayenijua. Sawa. Angalau cherehani linapiga kelele, siyo kama nyumba yangu.

Jioni nimekuta Mwalimu mlangoni! Na chana la ndizi. Mkono mtupu haulambwi, nikajua ana lake.

Alianza mbali — mvua, miguu yake, wanafunzi wa siku hizi. Halafu akalitoa. Eti marehemu, miezi ya mwisho, alikuwa ameanza kulegea upande wa Gumba. Alimwambia yeye mwenyewe, faragha.

Mzee wangu? Kulegea? Huyu mtu aligombana na daktari mpaka siku ya mwisho!

Akaomba karatasi akanichorea nyuzi sita, hapa Gumba anafanya hivi, hapa Vidole Viwili hafiki. Hesabu tupu. Nikamkubalia kila kitu ili asiondoke mapema. Aliondoka mapema. Aliuliza kama gramafoni bado inafanya kazi. Mimi je, bado nafanya kazi? Hakuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mashuka. Ndizi mbili. Nimeongea na nani leo? Na yule wa kigari. Nimemwambia asante.

Alhamisi, 6 Machi

Haya, leo kumekucha! Mfamasia kaja na chupa ya dawa ya kikohozi. Sikohoi. Ni mpole huyu, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Akaanza: Shemeji, tumesikia Mwalimu alipita... Kabla hajamaliza, honi! Dereva kaegesha lori zima mbele ya mlango wangu, majirani wote vichwa nje.

Wakakutana sebuleni. Weee! Dereva anasema Vidole Viwili anakimbia mno, mtu anapiga gitaa kama anadaiwa. Mfamasia anasema Gumba ni mzuri, ila ni mzuri kama godoro. Dereva kasimama. Ati godoro? Umemwita Gumba godoro? Chai imemwagika. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi ni kitambaa changu cha meza.

Lakini nisijidanganye, nilifurahi. Nilichemsha chai mara ya pili makusudi. Nyumba ilikuwa na sauti za watu. Nikasimama jikoni nimeshika sufuria, natabasamu peke yangu kama punguani.

Wakati wa kuaga nikajitia kusema neno. Nikasema, mimi nadhani... Dereva akanikata, kwa upendo kabisa: Wewe shemeji usijichoshe. Wewe kazi yako ni kufikisha tu.

Kufikisha tu. Mimi tarishi! Nimeosha vikombe vitatu kwa hasira mpaka kimoja kimepata ufa.

Ijumaa, 7 Machi

Basi niseme, humu hakuna wa kunicheka. Mimi sijawahi kumpenda Vidole Viwili. Wala huyo Gumba. Miaka thelathini na moja nimewasikia nikimenya viazi, nawajua mpaka pale sindano inaporuka. Ninaye wangu.

Yumo kwenye santuri moja ya mwanamke fulani mwimbaji. Jina lake limeandikwa nyuma ya jalada kwa herufi za kutafutia miwani. Mimi namwita Mkimya. Hajitutumui. Mwimbaji akivuta pumzi, yeye anaweka nyuzi tatu nne pale kwenye nafasi, basi, anampisha. Mzee wangu alikuwa akisema huo ni muziki wa kunywea chai. Aliicheza Krismasi moja na siku alipotaka kusinzia. Mimi nilikuwa naipiga akiwa kazini.

Leo nimeipiga mara nne. Nimelia mara moja, ile ya tatu.

Binti yangu kapiga simu kutoka huko aliko. Nikamuuliza: Hivi baba yako aliwahi kuniuliza nampenda mpiga gitaa gani? Akasema: Kwani mama ulikuwa unapenda jazi?

Nimemtoa mimi tumboni, huyu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamua. Kesho namtaja Mkimya.

Halafu nimeamua tena. Simtaji.

Nimeweka Vidole Viwili nimpe haki yake. Ule mwanzo wa kasi — na papo hapo nikamwona mzee, anapigapiga goti kwa kijiko, shingo kaipinda, ananiita: Njoo, njoo usikie hapa! Nami nikijibu nina unga mikononi. Siku zote nilikuwa na unga mikononi. Mungu wangu, ningekwenda hata mara moja!

Duniani kumebaki mahali pamoja tu ambapo watu wazima wanauliza anasemaje. Hospitali wameshamfuta. Kazini kwake kiti kina mtu mwingine. Binti anamtaja kwa shida, anaogopa nitalia. Chumba kile tu, mara moja kwa mwaka. Nikisema langu, nani tena atamuuliza neno?

Lakini nami nani ataniuliza? Nikifa kesho watagundua Machi ijayo.

Nimepiga pasi gauni la bluu. Santuri ya Mkimya nimeiweka kwenye mkoba. Nimeitoa. Nimeirudisha.

Jumapili, 9 Machi

Saa kumi kasoro. Naandikia nyuma ya duka la saa, nimekalia kreti la soda. Wako ndani, wananisubiri. Naandika mbiombio, hata sijui kama nitasoma haya kesho.

Ilikwenda hivi. Fundi Saa akafungua daftari. Mwalimu — Gumba. Dereva — Gumba, na ngumi mezani. Mfamasia — Vidole Viwili. Fundi Saa mwenyewe — Vidole Viwili. Mbili kwa mbili. Wote wakanigeukia. Fundi Saa akavua ile lenzi yake ya jichoni, kwa heshima. Shemeji, marehemu anasemaje?

Nikasema: Marehemu hasemi kitu. Amekufa.

Jamani! Saa za ukutani zikasikika zote, hakuna mbili zinazokwenda pamoja.

Nikaendelea kabla sijaishiwa nguvu. Nikasema ninaye mtu wangu. Nikatoa santuri, nikamwonyesha Mwalimu zile herufi ndogo. Akalisogeza jalada karibu, akalisogeza mbali. Akasema huyu si mpiga gitaa, shemeji, huyu ni msindikizaji. Nikamwambia: Na mimi ni msindikizaji, miaka thelathini na moja, jaribu wewe uone kama ni kazi ndogo! Sauti yangu ilipanda. Sijui ilitoka wapi. Dereva akaangua kicheko, si cha dharau, cha mshangao. Akasema: Kumbe shemeji una mdomo! Mfamasia akasema taratibu kwamba yeye angependa kumsikia huyo mtu. Kwamba kila Jumapili wanasikiliza, ningekuja naye.

Kila Jumapili! Alilisema kama jambo dogo.

Ndipo Mwalimu akakumbuka katiba. Watano, asizidi mtu. Kiti kimoja hakikaliwi na wawili. Nikadhani Fundi Saa atamkemea. Hakumkemea. Alinisogezea daftari na kalamu. Akasema: Kweli, ukiingia wewe sharti jina lake litoke. Sisi tulijaribu mwaka jana, shemeji, baada ya wewe kuondoka. Tukapitishiana kalamu mzunguko mzima. Hakuna mwenye mkono huo. Kata wewe.

Jina lake ni la pili kutoka juu. Kaliandika mwenyewe, kwa zile herufi zake zenye mikia mirefu inayogonga mstari wa chini.

Nikaomba nitoke nipate hewa. Kalamu nimetoka nayo bila kujua, ndiyo hii ninayoandikia.

Nilikuja nimejiandaa kugombana nao. Sasa nigombane na nani? Hawakunizuia. Nikikata, nina mahali pa kwenda kila Jumapili, watu wanne wa kubishana nami mpaka chai imwagike. Nisipokata, nitamsemea tena Machi, na hapo katikati ni mashuka. Na nikishakata, nitakuwa shemeji wa nani?

Mzee, ungeniambia basi. Umebishana maisha yako yote, leo ndiyo umenyamaza.

Dereva kachungulia mlangoni. Anasema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo: Hatukuharakishi, shemeji. Ila tunakusubiri wewe.

Nimemwambia nakuja. Amerudi ndani, mlango kauacha wazi. Bado nimekaa.