Ratili Saba

Jumatatu, 6 Septemba 1954
Sindano, uji, kazini Chang'ombe. Kabla makuli hawajafika nilipanda mizani ya marobota ya katani. Ratili mia na tisini na mbili. Tangu nianze insulini ya kisukari mwaka jana nazidi kunenepa. Majirani hapa Buguruni wanakisifu kitambi changu. Daktari hakisifu. Anataka nipunguze wali na nazi, kipimo cha sindano nisikiguse.

Jumatano, 8 Septemba
Nimepunguza kupita kiasi. Nilijidunga, sikula kitu. Saa nne mikono ikatetemeka, jasho likanitoka, tarakimu zikacheza daftarini. Msimamizi akaninusa mdomo mbele ya makuli wote. Mie, ambaye sijaonja pombe maishani. Kuli mmoja akaninywesha chai yenye sukari, nikazinduka. Msimamizi kasema nikipepesuka tena, kazi sina. Aibu tupu.

Alhamisi, 9 Septemba
Sindano ndiyo inayoninenepesha, sindano ndiyo inayoniangusha. Basi leo nimetia nusu. Mke wangu Mwanaidi sikumwambia.

Jumatatu, 13 Septemba
Mia na themanini na tano. Ratili saba zimekwenda, na sikupepesuka hata mara moja. Nimefurahi kama mtoto. Kesho robo.

Ijumaa, 17 Septemba
Kiu. Nakunywa, nakojoa, nakunywa tena. Suruali inanivuka. Msikitini nilishindwa kuinuka kwenye sijda. Mwanaidi kaona sisimizi wamejaa chooni pale ninapokojoa. Naogopa kumtazama usoni.

Jumapili, 19 Septemba
Natapika tangu alfajiri. Pumzi haitoshi. Baba alianza hivi hivi: kukonda, kiu, kisha usingizi, hakuamka. Sitaki kufa. Nimemweleza Mwanaidi yote. Nilidhani atanigombeza. Akasema tu, "Mume mwembamba wa nini? Mie nataka mume." Kaenda kutafuta gari.

Jumamosi, 25 Septemba
Nimerudi nyumbani. Hospitali walinirudishia sindano kamili. Daktari kasema kunenepa kutapunguzwa kwa sahani, si kwa sindano, polepole, na kula kwa saa maalumu. Kaniandikia barua nimpelekee msimamizi. Sijui atasema nini.

Mchana Mwanaidi alitaka nimfundishe kuchemsha sindano na kuvuta dawa hadi kwenye alama. Ya jioni kanidunga yeye, machozi yakimtoka. Anaogopa kama mie, ila yeye hanifichi.