Sura ya Mama kwa Mpingo

Bunju

Mdogo wangu mpendwa Bernadeta,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Goti lako linaendeleaje? Na mikorosho ya Newala, imeshatoa maua? Sisi tu wazima, ukiondoa mkono wangu wa kulia, na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Ule mtetemeko niliokuwa nikiusingizia uzee una jina: Parkinson. Daktari wa Mikocheni, binti mdogo tu anayeniamkia kila nikiingia, alinieleza kwamba hauponi, ila dawa zinautuliza. Kisha akaniuliza napenda dawa ipi. Nilishangaa! Tangu lini mgonjwa akaulizwa?

Alisema ipo ya taratibu, isiyo na makeke, lakini nguvu yake ndogo. Ipo nyingine yenye nguvu kiasi, ila huweza kuleta usingizi wa ghafla, na wengine hushikwa na tamaa ya kubeti. Wifi yako Marietha akasema patasi na usingizi haviendi pamoja, na mume wa kubeti hamtaki. Ya tatu, levodopa, hutuliza zaidi, lakini baada ya miaka kadhaa huweza kuishiwa nguvu kabla ya dozi inayofuata, na mwili ukaanza kuchezacheza wenyewe. Daktari akaniuliza ni kazi gani nisingependa kushindwa kuifanya. Nikaomba hiyo ya tatu.

Mwanzoni sikuona kitu. Kumbe Marietha, kwa kuogopa dawa isinichome tumbo, kila kidonge alinipa na bakuli la supu ya ng'ombe! Daktari alicheka, akasema nyama huipunguza nguvu dawa hiyo. Ninywe na kipande cha mkate, nyama ije baadaye. Basi asubuhi moja nikaketi kwenye kibanda changu cha vinyago, nikashika patasi, nikasubiri mkono uanze vituko vyake. Haukuanza. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Mungu ni mkubwa, Bernadeta. Nililia mbele ya wateja.

Sasa nikwambie kwa nini nilichagua hivyo. Mama hakuwahi kupigwa picha, na alipofariki wewe ulikuwa bado unanyonya. Sura yake ninayo mimi peke yangu, na siwezi kuieleza kwa maneno. Naweza kuichonga tu. Mkono ulipoanza kutetemeka niliogopa sana kwamba nitakufa nayo.

Kifurushi ulichopewa pamoja na barua hii usikifungue mbele za watu. Ni yeye. Nilipomaliza mdomo, Marietha alisogea, akatazama, akaniuliza kwa nini nimekuchonga wewe, wifi yake.

Anakusalimu sana. Wasalimie wanao wote, nawe unijibu ukishamwona.

Kaka yako,
Albano