Papasi wa Nyumba ya Mama

Jumatano, alasiri

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye wino. Mvua bado. Hata hivyo leo nina furaha, na ndani yake mna huzuni ambayo jana sikuwa nayo.

Mwanahamisi, mke wangu, ni mjamzito. Nilimwoa Tanga nilipokuwa shule ya serikali, nikamleta huku kwetu Ugogo nilipopewa ukarani katika boma la Wadachi. Tangu afike, homa haimwachi. Inamlaza siku chache, inampa nafasi, akianza kucheka inarudi. Juzi aliniambia, bila hasira, kwamba akipata nguvu atapanda garimoshi arudi kwao akazalie huko. 

Jana nikajikaza, nikamweleza daktari wa boma. Aliniuliza jambo moja tu: mkeo analala wapi?

Analala chumba cha ndani, chini, juu ya ngozi ya ng'ombe, mahali mama alipotuzalia sote. Ndiyo heshima ya mkamwana nyumbani kwetu. Daktari akatikisa kichwa. Akasema papasi, wale wadudu wanyonyao damu, hukaa kwenye nyufa za sakafu kuukuu, usiku hutoka wakamwuma aliyelala, na homa hii huletwa nao. Sisi tuliozaliwa humo wametuuma tangu utotoni na miili yetu imezoea. Mgeni ndiye anayeumia, na akiwa na mimba anaweza kuipoteza. Nimhamishe upesi, alale kitandani, katika nyumba mpya.

Kibanda kipya ninacho, nilikijenga kiwe ghala. Kitanda nikapata. Ikabaki kumwambia mama.

Barua za Bwana Mkubwa wa boma naziandika bila hofu, lakini asubuhi hii nilizunguka zizi kama mbuzi aliyepotea. Kumtoa mkamwana chumba cha ndani ni kumwambia mama kwamba nyumba yake haifai. Nikamweleza yote aliyosema daktari juu ya papasi, na ndivyo alivyosikia. Akaniuliza kama wanawake wa Tanga huzalia juu ya miti. Akasema homa si kitu, kila bibi arusi aliyeingia nyumba hii ameugua, ni nyumba tu inamzoea, na mimba ya kwanza mara nyingi haikai.

Hapo akaketi chini.

Mimi ni kifungua mimba wake. Maisha yangu yote nimejua hivyo.

"Kabla yako alikuwapo mwingine," akasema. "Niliugua hivihivi. Tukamzika nyuma ya zizi. Mama mkwe akaniambia nyumba bado hainijui."

Kisha akaniuliza:

"Ni hawa papasi tunaowafagia kila siku?"

"Ndiyo hao, mama."

Hakulia. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka amemshika Mwanahamisi mkono, akampeleka kibandani yeye mwenyewe. Ngozi nilipotaka kuibeba akanikemea niiache hukohuko. Kisha akarudi kuchukua chungu chake, maana mkamwana hawezi kuachwa peke yake kama mpita njia. Kabla ya kuingia kibandani alivua kaniki ya juu, akaikung'uta upepo ukiielekea mbali na mlango, akaigeuza, akaikung'uta tena. Mama yangu, ambaye hajawahi kuogopa kitu katika nyumba yake.

Daktari amesema homa huenda ikarudi tena, kisha itachoka. Naamini. Mchana Mwanahamisi amekula ugali na mlenda, akaomba nyongeza, na safari ya garimoshi hakuitaja. Kutoka hapa nilipo nawasikia wakiteta juu ya jina la mtoto. Mama anataka la Kigogo, Mwanahamisi analitamka vibaya kwa makusudi.

Yule wa nyuma ya zizi sikuthubutu kuuliza alikuwa wa kiume au wa kike, wala kama alipewa jina. Kesho nitamwomba mama anionyeshe mahali alipolala ndugu yangu.