Rangi Mbili Zilizoniunguzia Redio

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Mimi Mageni wa Nyahanga. Miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili. Nzige walikuja wakaondoka, Mwingereza naye akaondoka, ng'ombe wangu arobaini walimalizwa na ugonjwa wa ndigana, mimi nipo. Kusoma nilianza na ndevu nyeupe, kwenye kisomo cha watu wazima. Cheti ninacho.

Sasa najifunza redio kwa fundi Majaliwa, karibu na stendi ya Kahama. Yeye ana miaka ishirini na sita. Kila asubuhi ananipa shikamoo, naitika marahaba, halafu ananigombeza.

Leo kanigombeza sana. Nimeunguza redio ya pili, ya mwalimu Athanas. Moshi tu. Kasema, babu, ya tatu ikiungua uniachie benchi langu.

Alhamisi, 6 Septemba

Mwanangu Masele kaja kutoka Nkome, huko Geita ziwani. Eti ameniwekea kazi ya kukaa — kufukuza ndege kwenye dagaa. Mimi! Kasema, "Baba, hicho chombo hakina pembe wala mkia. Utakishika wapi?" Fundi akacheka. Nimemwona.

Tumepatana. Ipo redio ya marehemu Scolastika, mama yake Masele. Tangu tumzike haijasema. Nikiitengeneza kabla ya basi la Jumamosi tarehe 15, nabaki. Nikishindwa, ndege wa Nkome wananisubiri.

Jumanne, 11 Septemba

Sikai, silali. Ndani ya redio kuna vidude vya kuzuia umeme, kama punje za mpunga, vina mistari ya rangi. Kila rangi ni namba. Nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, mpaka nyeupe tisa. Nazijua zote kwa kichwa kuliko huyo fundi. Basi kwa nini redio zinaungua?

Leo nimejua. Fundi kaniambia, babu, nionyeshe kahawia. Nikaonyesha. Kasema hiyo nyekundu. Nionyeshe nyekundu. Nikaonyesha. Kasema hiyo kahawia. Zamoyoni muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga kikombe cha mteja.

Nikawaambia: kwenye boma langu hizo mbili ni ng'ombe mmoja. Mwekundu. Hata baba yangu aliita hivyo. Na hakuna mtu Nyahanga nzima aliyejua rangi za ng'ombe kunishinda. Nilikuwa namtambua wa kwangu ng'ambo ya bonde, kwa baka moja chini ya tumbo.

Fundi hakucheka tena. Kaandika kwenye daftari langu: mistari miwili ni namba, wa tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza. Kwenye redio ya mwalimu palitakiwa kahawia, nyeusi, nyekundu — elfu moja. Mimi niliweka nyekundu, nyeusi, kahawia — mia mbili. Umeme ukapita wote, kama ng'ombe walioachiwa kwenye mtama.

Miaka hamsini ya kuchunga, halafu rangi zinishinde. Yaya, hapana.

Alhamisi, 13 Septemba

Nimenunua pilipili moja iliyoiva na jani la tumbaku kavu. Nimeviweka kwenye benchi. Kila mstari naupeleka kwa pilipili kwanza, halafu kwa tumbaku. Ule wa tumbaku ndio kahawia. Fundi anaangalia.

Pasi ya kuyeyushia risasi inapoa njiani kutoka kwenye jiko la mkaa. Mara sita leo. Kidude kilichokufa kwenye redio ya Scolastika nimekitoa. Kipya bado.

Jumamosi, 15 Septemba

Kidude kimeshika asubuhi hii. Masele alikuwa mlangoni, kabeba mfuko wangu wa nguo, tiketi mbili mfukoni. Nikatia betri. Nikawasha.

Hakuna moshi. Naandika tena, hakuna moshi.

Kimya. Konda anaita Geita, Geita. Masele kasema, "Twende, baba, usijidhalilishe." Sikuinuka.

Halafu ikakwaruza. Masele kasema ni kama mahindi kwenye kikaango, hiyo si redio. Fundi kainamisha sikio. Kasema, "Subiri, mzee." Hajawahi kuniita mzee, siku zote ni babu. Akaanza kuzungusha kifungo cha stesheni, polepole. Mtu akakohoa. Mimi nasema kakohoa ndani ya redio. Masele anasema ni nje, kwa Zamoyoni.

Basi linapiga honi. Naandika haya fundi bado anazungusha. Atakayebisha na aulize. Fundi Majaliwa yupo. Zamoyoni yupo, kaacha birika lake, anasema yeye hajakohoa. Na yupo Masele mwanangu, ambaye sasa hivi ameuweka mfuko wangu chini.