Gari Yako Imelala Ndani ya Chandarua

Kasongo, tarehe 14 mwezi wa nane, 2024

Mpendwa mupwa wangu Clovis,

Pokea salamu za mujomba wako Raphaël, ambaye hajafa, hata kama kwa kanisa wameanza kuniangalia kama wanapima urefu wa sanduku. Uko muzima huko Lubumbashi? Muke na watoto wanakula, wanalala? Mimi magoti yanalia, na macho yanaona ya mbali kuliko ya karibu, ndiyo maana mambo ya parsele, uwanja wa jirani, nayaona vizuri. Mama yako Marcelline, dada yangu mudogo, anatembea na fimbo kwa sababu ya kidonda cha muguu. Usiogope, kinapona. Mudomo haukuumia.

Nimeandika kwa sababu simu hapa inasikilizwa na nyumba nzima. Barua hii soma peke yako.

Uliniomba nichunge ile gari ya buluu uliyomuachia shemeji yako Fidèle, jirani yangu. Sheria yako ilikuwa moja: isitoke Kasongo. Ulisema nikiona imetoka, unatuma mutu achukue ufunguo. Basi nimechunga. Bure, bila hata soda.

Dada yako Dieudonnée alikwenda matanga Kabambare, akamuacha bwana yake Fidèle peke yake. Siku zile zile, asubuhi moja, nikakuta gari iko nyuma ya jiko lao, imefunikwa chandarua. Chandarua cha kitanda, Clovis! Nikamuuliza: «Fidèle, gari imeshikwa na malaria?» Akajibu: «Hapana, muzee, ni vumbi tu.» Mutu akinijibu maneno machache hivyo, mimi kiti changu nakisogeza karibu.

Nikajifanya nasinzia. Akafunua upande wa kuume, na hapo nikaona mikwaruzo mirefu, kutoka taa ya mbele mpaka mulango wa nyuma. Akaosha na maji ya sabuni, akakausha. Ile mikwaruzo myepesi akaipaka dawa ya meno, akasugua na kitambaa laini, anazungusha, anazungusha, na kweli ikapotea. Mumoja ulikuwa wa ndani. Alipokwenda kunywa maji nikapitisha ukucha, ukucha ukanasa. Huo akausugua na papie ya kusugulia, ile ya musasa laini sana, ameilowesha, polepole kama anaosha mutoto muchanga. Kisha akatoa kichupa mufukoni, akatia rangi kwa kijiti cha kiberiti, anangoja ikauke, anaongeza tena. Chandarua kilikuwa cha kuzuia vumbi la kiangazi lisinate kwenye rangi mbichi. Akili anayo, sikatai. Lakini mutu asiye na neno anajificha nyuma ya jiko kwa nini?

Nikanusa. Ile haikuwa rangi ya gari, ilikuwa verni ya kucha za wanawake. Buluu yake na buluu yako ni kama padri na imamu: wote wawili wanaomba, lakini ukiwasimamisha pamoja hata kipofu anajua.

Nikachungulia ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa na manyoya ya kuku na kitambaa cha kichwa cha mwanamuke. Na kile kioo cha katikati, ambamo Fidèle anachana nywele kila asubuhi, kimegeuzwa kinaangalia paa. Nikaunganisha: mwanamuke, kuku, na dereva asiyetaka kuona ya nyuma. Nikasema huyu anapeleka wachuuzi wa dhahabu Salamabila, pamoja na wake zao wa njiani. Nilikuwa tayari kukuambia utume mutu wa kuchukua ufunguo.

Dieudonnée akarudi, na kitu cha kwanza akatafuta verni yake.

«Verni yangu iko wapi?»

Fidèle akashika ufagio, akaanza kufagia uwanja.

«Umepaka kucha za nani?»

Unamujua dada yako, hakulia. Alikunja nguo, akafunga furushi, akasema anarudi kwa mama yake. Mimi nikapita njia ya mukato nifike kwa Marcelline kwanza, nimutayarishe. Na kusema kweli, sikutaka mutu mwingine animalizie habari.

«Mukwe wako anabeba mwanamuke,» nikamuambia.

«Mwanamuke gani?»

«Mwenye kuku.»

Akainamisha kichwa. Halafu akacheka mpaka fimbo ikaanguka. «Raphaël, we muzee wa bure! Mwanamuke ni mimi.»

Jembe lilimukata muguu shambani, kwenye njia ya Nyangwe, akashindwa kupanda pikipiki. Watu wa shamba wakamuita Fidèle, naye akavunja sheria yako, akaenda. Lakini unajua kwetu: mutu na mama mukwe wake hawaangaliani, hawasemezani, ndiyo haya yenyewe, na Dieudonnée wa kukaa katikati yao alikuwa matanga. Fidèle akageuza kioo asione uso wa mama yako. Mama yako naye, kwa kuwa hawezi kumusemesha, akasemesha kuku aliyekuwa mikononi mwake: «We kuku, waambie wanaoendesha kwamba kuume kuna nguzo ya daraja.» Fidèle alisikia. Lakini ataangaliaje kuume bila kumuona mama mukwe, aliyekaa nyuma upande huo huo? Akanyoosha shingo mbele kama askari, akapita. Nguzo haina haya, ikakwaruza.

Wote wawili wakaficha, wasije wakapoteza ufunguo. Mama yako akadanganya watu kwamba alisukumwa juu ya baiskeli mpaka hospitali, Fidèle akaiba verni. Dieudonnée alipofika na furushi akatukuta tunacheka. Alikasirika upya, safari hii kwa mama yake, kisha akachemsha maji akamuosha kidonda. Jioni alirudi kwake.

Sisi wazee tukasema ile haya ya mukwe na mama mukwe itaua mutu njiani. Tukamuamuru Fidèle atoe mbuzi wa kuiondoa, ili yeye na mama mukwe wake wasemezane. Jirani Ibrahim alichinja, ili Waislamu na Wakristo wote tule. Mbuzi alikuwa mugumu, lakini aliisha.

Sasa kila anapopelekwa kubadilisha bandeji, mama yako anasema kutoka nyumbani mpaka hospitali. Shimo! Bata! Unakimbilia nani? Punguza! Na kwa nini hujanyoa? Jana Fidèle alikuja kwangu, akakaa chini, akauliza kwa sauti ndogo: «Muzee, ile haya haiwezi kurudishwa?» Nikamuambia mbuzi tumekwisha kumula.

Utume kopo la rangi yenyewe, maana mulango unaonekana umevaa kiraka. Na mafuta ya gari nitaendelea kuyachunga, hayo bado sijaelewa yanaishia wapi. Lakini ufunguo muachie. Adhabu yake iko inakaa kiti cha nyuma.

Nisalimie muke wako Elsa, na mujukuu wangu Sarah-Grâce, umuambie babu bado ana meno mawili. Dieudonnée anakusalimu, Ibrahim pia. Mungu akulinde na barabara mbaya, na wazee wenye macho kama yangu.

Mimi wako nikupendaye, hata usipojibu,

Mujomba Raphaël