Kampuni Yenye Jina la Yohanes

Ruhuwiko, Songea
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa Walburga,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi. Goti linaendeleaje? Shemeji Pankrasi ameniambia kwamba siku hizi unapanda mwenyewe mlimani kupalilia maharage kwenye mashimo ya ngolo, na kwamba ukiambiwa upumzike unamuuliza huyo mtu kama ni yeye atakayekupalilia. Nilicheka, halafu nikaogopa. Pumzika mama, walau jua likiwa kali. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Careen ameota meno ya mbele, makubwa kuliko mdomo wake, na sasa anacheka akiwa amejiziba kwa kiganja.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, simu yako ni ya ukoo mzima. Ikiita anapokea aliye karibu, na ukiongea wote wanakaa kimya kusikiliza. Nina maneno ambayo nataka uyasome mwenyewe, kwa miwani yako, na uyarudie ukipenda. Ila nianze na habari njema.

Kampuni imekamilika. Tumesajiliwa, na Bodi ya Makandarasi nayo imetukubali. Uongozi wa ile shule ulionikatalia mwaka jana umetupa kazi ya nyumba za walimu, na msingi wa nyumba ya kwanza tayari umemwagwa zege.

Sikuwahi kukueleza vizuri jinsi nilivyoumia siku ile waliponikatalia. Walikwisha kuiona kazi yetu, wakaisifu, kisha mhasibu wao akaniambia kwa upole kwamba hawawezi kuingia mkataba na fundi Mama Careen, wanataka kampuni. Nilitoka pale kama mtu aliyerudishwa mlangoni mwa harusi kwa kukosa kadi. Tangu Yohanes afariki nilikuwa nimewashika mafundi wake, nikajenga, nikaezeka, nikadhani hiyo inatosha. Kumbe kwa wenye mikataba nilikuwa bado mjane mwenye mwiko.

Ndipo nikaenda Majengo kwa Imaculata, yule dada mwenye duka la steshenari ambaye anawajazia watu maombi kwenye kompyuta. Kila nilichojibu kilizaa swali jingine: kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, kampuni itafanya kazi gani, ofisi iko wapi. Nikamwambia ofisi ni sebule yangu. Akasema tuandike mtaa na nyumba, habari za sebule haziulizwi. Jina nililopeleka mwanzo, Yohanes Ujenzi, lilirudishwa kwa sababu lilifanana na la watu wengine. Nilikupigia simu nikiwa nalia pale pale dukani, nawe ukaniambia Yohanes hakufa bila mtoto, nimtaje na mtoto. Likapita. Leo tunaitwa Yohanes na Careen Ujenzi Limited.

Halafu ukaja mwenyewe kwa wakili kuweka saini, kwa kuwa nilitaka wenye hisa tuwe mimi na wewe. Wakili mpaka leo anasimulia. Alipokueleza hisa ni nini, ulimjibu kwamba umeelewa, ni kugawana nyama, ila ng'ombe anabaki mzima.

Baada ya wewe kurudi Litembo ndipo tulipokwama. Bodi ilitaka awemo ndani ya kampuni mtaalamu mwenye cheti cha ujenzi, na mimi cheti sina. Hapo ndipo alipoingia mtu ambaye nimekuwa nikimtaja kwako juu juu tu. Anaitwa Chande. Ni fundi sanifu, kwao Nalasi, wazazi wake ni wakulima wa korosho.

Nilimfahamu kwa ubaya. Nilikuwa najenga nyumba ya mtumishi mmoja hapa Ruhuwiko, na mwenye nyumba akamweka Chande kuwa msimamizi wake. Siku ya kwanza tu aliweka timazi kwenye ukuta niliokuwa nimeumaliza kwa fahari, akaniambia ubomolewe, umelala. Mbele ya mafundi wangu, mama! Nilimchukia. Nikapima mwenyewe mara ya pili, nikaona anasema kweli. Nilikuwa na haraka. Tukabomoa. Kesho yake asubuhi nilimkuta amefika kabla yetu, amevua shati lake la usimamizi, anakwangua udongo kwenye tofali ili zitumike tena. Sikumwomba. Alisema tu kwamba aliyeamuru ukuta ubomolewe hana haki ya kukaa kivulini unapojengwa upya.

Nilipokwama na Bodi nilimfuata yeye. Alikubali, tukaandikishana, akakataa hisa. Alisema ataingia kama mtaalamu wa kampuni na atalipwa kwa kazi, basi. Kuna siku mwenye lori la mchanga alifika eneo la kazi akauliza hii ndiyo kampuni ya Chande. Nilikuwa nyuma ya rundo la kokoto, hawakuniona. Nikamsikia Chande anajibu, "Kampuni ni ya marehemu Yohanes na binti yake. Bosi ni Mama Careen. Mimi nimeajiriwa."

Mama, nilibaki pale nyuma ya kokoto mpaka lori lilipoondoka.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Siku tuliyopata jibu la Bodi, mafundi walipokwenda kula, Chande alibaki. Akasema, "Mama Careen, nimefanya kazi na wewe kiasi cha kujua kwamba ukikasirika unapanga tofali haraka. Ningependa Mungu anipe muda wa kujua na mengine." Akaniomba nimfikirie awe mume wangu. Nilikwenda kukagua nondo ambazo nilikwisha kuzikagua.

Tangu hapo nimezunguka sana moyoni. Watu watasema nimechukua jasho la Yohanes nikampelekea mwanaume mwingine. Watasema yeye ni Mwislamu na mimi ni Mkatoliki. Hilo tumeliongea. Aliniambia rozari yangu ibaki ilipo na mkeka wake wa swala ubaki ulipo, nyumba ina nafasi. Kwa Padre sijakwenda bado. Nimeanza kwako.

Nampenda, mama. Nimeona aibu kuiandika, lakini ndiyo kweli. Yohanes simwachi, nikipita barabarani nikaona nyumba aliyoijenga bado namwonyesha Careen. Nilidhani moyo ukishampa mtu chumba hauna kingine. Naona kumbe unaongezwa, kama nyumba.

Na maneno ya watu sina hofu nayo sana. Hofu yangu ni wewe. Mama yangu mzazi sikumjua vizuri. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya wazee baada ya arobaini, walipotaka kugawana zana za Yohanes, ukawaambia, "Mwiko ni wa mkono unaoujua. Mwacheni binti yangu afanye kazi." Hukusema mkwe. Ulisema binti. Maneno yale yamenilisha mpaka leo. Sasa naogopa kwamba nikiitwa mke wa mtu mwingine sitakuwa tena na haki ya kukuita mama.

Nilimweleza Chande hayo yote. Nilidhani ataona ni visingizio. Akaniambia kwao mtu haokoti korosho kwenye shamba la watu kabla ya kubisha hodi kwa mwenye shamba, na kwamba kama wewe ndiye mama, basi hodi inapigwa kwako.

Hapa ndipo ninapokuomba usiinue macho upesi. Huyo aliyekuletea barua hii, aliyejitambulisha kwamba nimemtuma, na sasa amekaa hapo kibarazani kwako anasubiri umalize kusoma, ndiye Chande. Aliomba mwenyewe kuja. Nimemwambia asiseme lolote kabla yako, na najua hatasema, hata ukisoma taratibu mpaka jioni.

Mtazame, mama. Usimtazame kwa macho yangu, mtazame kwa yako. Ukiona haifai, mpe maji ya kunywa na umwambie asafiri salama. Nitaelewa, wala sitakununia, na likizo ikifika nitapanda huko na Careen kama kawaida. Yeye naye ameniahidi kwamba kazi haitaharibika.

Ila ukiona inafaa, huna haja ya kuniandikia wala kunipigia. Mwambie tu aingie ndani, maana huko kwenu upepo wa kibarazani ni mkali.

Msalimie shemeji Pankrasi na wote wa nyumbani. Careen anakusalimia na anasema umwekee mahindi ya kuchoma. Mungu akulinde na goti lako lipone.

Ni mimi, binti yako,

Theodosia